Koti Lililoletwa na Mto

Godoro la sponji likishaingia unyevu halikauki tena sawasawa. Hubaki na harufu ya vumbi lililolowa na gesi ya kupikia. Nikikutana na harufu hiyo popote, hata katika duka la mitumba hapa Schaerbeek, mtaa wa Brussels ninapoishi mpaka leo, husimama kabla sijajua kwa nini. Kisha nakumbuka: karavani yetu, mto Semois, na Mama Mdogo Hadija.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami nilikuwa na miaka tisa. Papa, aliyekuwa akisafisha maofisi ya Umoja wa Ulaya upande wa Schuman, alinunua karavani kuukuu kwa jirani yetu, Mbelgiji mzee aliyechoka kusafiri. Basi ikawa kama mafua. Haukupita muda, rafiki zake watatu, wote watu wa Buyenzi kule Bujumbura kama sisi, nao wakapata karavani zao, kila mmoja akiapa kwamba yake ndiyo inayovuja kidogo kuliko zote. Majira ya joto yakifika tulitoka Brussels kwa msafara kwenda kupiga kambi kando ya Semois, mama zetu wakiwa wamepakata masufuria ya pilau yasije yakamwagika kwenye kona.

Msimamizi wa kambi, mzee mnene mwenye kofia ya buluu, hakutuelewa hata kidogo. Watu wengine wote walielekeza milango mtoni, wakazifungua karavani kutoka kwenye magari na kuweka viti nje. Papa zetu walielekeza milango barabarani, karavani zikabaki zimeungwa na magari, na pua za magari zikitazama geti. «Mais monsieur, la rivière, c'est par là!» mzee alilalamika, akionyesha mto kwa kidole. Papa alimjibu kwa adabu kwamba ameuona. Nilipomwuliza, alisema tu, "Iko vizuri hivi. Muntu akitaka kwenda, anakwenda." Niliona haya mbele ya watoto wa Kibelgiji, kwa kuwa na baba asiyejua kupiga kambi. Sikujua kwamba wanaume wale wanne hawakuwa tena na uwezo wa kulala mahali bila kujua watatoka vipi.

Mwaka huo tulikuwa na Mama Mdogo Hadija, mdogo wake mama, aliyekuwa amewasili kutoka Bujumbura peke yake wakati wa baridi. Mume wake, tuliyemwita Tonton Saidi, namkumbuka kwa mbali tangu kabla hatujahama: alinipakia kwenye pikipiki yake, akapiga honi kila mlango ili watu watuone. Asubuhi moja alivuka Ntahangwa, mto unaopita kando ya mtaa wao, kwenda kutafuta unga, asirudi. Watu walikuwa wakiuana wakati ule. Waliokuwa ng'ambo walisema mto uliteremsha maiti siku hiyo, na yeye alikuwemo. Lakini hakuna aliyeleta mwili.

Nyumbani kwetu jambo hili lilizungumzwa jikoni kwa sauti ya chini, na sisi watoto tukalisikia lote. Papa alitaka Tonton Saidi aswaliwe, kwa swala ile inayoswaliwa hata kama maiti haipo, ili apumzike, na mjane wake akae eda, kisha aanze kuishi. Mama Mdogo alikataa katakata. "Muntu muzima haswaliwi," alisema, na maneno yakaishia hapo. Alikuwa akila kwa kubembelezwa, amekonda mpaka pete inamtoka kidoleni, na mama yangu aliogopa kwamba tutampoteza na yeye.

Kambini alikaa kutwa kwenye ngazi ya mlangoni, mgongo akiupa mto. Hata hivyo kila tuliporudi kutoka kuogelea alituuliza, "Hamukuona kitu?" Tulidhani ni mchezo. Tukaanza kumletea vitu: chupa, kikapu kilichotoboka, kiatu cha mwanaume. Kiatu alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akachungulia ndani, akakiweka pembeni. Tukafurahi kwamba amekipenda, tukaenda kumtafutia kingine. Nawaambia ninyi tu: mikono ile ninaiota hadi leo.

Siku moja, baada ya mvua kubwa, mto ulijaa ukawa na rangi ya chai ya maziwa. Mchana, mmoja wetu akapiga kelele. Koti la kahawia la mwanaume lilikuwa limenasa kwenye matawi upande wetu, mikono yake ikiinuka na kushuka na maji. Sikumwona Mama Mdogo akija. Nilimwona tayari yumo mtoni na viatu vyake, maji yakimfika kiunoni, na mama yangu ukingoni akimwita jina.

Alilivuta koti mpaka kwenye nyasi. Akalilaza chali, akafunga vifungo kimoja kimoja, akainyoosha mikono ya koti ubavuni. Wanawake wa karavani zote wakaja wakasimama. Na mimi, kwa macho yangu haya, niliona kwamba ndani ya koti lile mna mtu. Niliona kifua kikipanda.

Ndipo akatokea mvuvi mmoja wa makamo, Mbelgiji mwenye masharubu, akikimbia kando ya mto huku akicheka. «Ah, c'est ma veste! Merci, madame, merci!» Lilikuwa koti lake; alikuwa amelitundika kwenye kiti chake kule juu, upepo ukalitupa majini. Akaliokota, akalikung'uta, akampa Mama Mdogo mkono, akaenda zake akilikamua njiani.

Mama Mdogo alimtazama mpaka miti ikamficha. Kisha akakaa chini.

"Munaona," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mwenye koti amekuja kuchukua koti yake. Saidi angekuwa muzima, angekuja." Akajifunika uso kwa kitenge. "Bon. Mumuswalie."

Papa zetu walitawadha mtoni. Walibishana kidogo kibla iko wapi, na mwenye sauti kubwa akashinda. Wakajipanga safu kwenye nyasi, wanawake nyuma yao. Niliona ni swala ya ajabu: hawakurukuu, hawakusujudu, walisimama tu, wakatoa salamu, ikaisha. Mzee wa kambi alikuwa akipita na reki yake. Alisimama akavua kofia, ingawa hakuna aliyemweleza neno.

Mjane wa eda hakai kambini kati ya watu wanaoogelea, kwa hiyo tulirudi Brussels siku ile ile, msafara mzima. Nililia kwa hasira njia nzima, likizo yangu imekatizwa kwa koti la mtu tusiyemjua. Mama hakunigombeza. Mama Mdogo alilala kando yangu, mdomo wazi, akikoroma, na mama akawa anageuka kila mara kumsikiliza.

Miaka ikapita. Nikiwa msichana mkubwa alifariki mzee mmoja wa mtaani kwetu, nikaona watu wamesimama mbele ya jeneza bila kurukuu wala kusujudu, ndipo nikaelewa swala ile ya kando ya mto. Yale yalikuwa mazishi ya Tonton Saidi, hakupata mengine. Na mimi nilikuwa mmoja wa wafiwa, nimesimama nyuma ya mama yangu nikiwa na nguo ya kuogelea, nikingoja wamalize nirudi majini.