Kamba ya Leonsi

Enzi zetu, kuchoka ilikuwa kazi ya watu wazima. Sisi watoto wa uwanda wa Ufipa tuliamka na ile baridi ya mwezi wa sita inayokata masikio, tukaenda shule pekupeku juu ya umande, tukarudi tukalima, tukachota maji, tukasenya kuni, na hapo ndipo siku yetu hasa ilipokuwa inaanza. Leo nina miaka arobaini na kitu, mgongo unaniuma kwa kukalia kiti chenye magurudumu, na sielewi zile nguvu zilikwenda wapi. Wenzangu mliokua wakati wa redio za betri mtanielewa. Ninyi wengine vumilieni kidogo.

Tulikuwa watatu. Mimi Yasinta, ambaye mama yangu alikuwa akishona nguo kwa cherehani barazani. Leonsi, mtoto wa katekista, mwenye kichwa kikubwa kilichojaa maswali. Na Masanja, ambaye wazazi wake walihamia kwetu na ng'ombe kutoka Usukumani, akawa anakichapa Kifipa kwa lafudhi iliyotuvunja mbavu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kutulia. Mama alikuwa akisema nina pepo wa miguu. "Kaa chini, Yasinta! Mwenzio jiwe lile, limekaa pale tangu asubuhi, limekufa?" Sikuwahi kupata jibu la swali hilo, maana kabla hajamaliza nilikuwa nimeshapotelea nyuma ya nyumba.

Karate ilitupata kwa njia ya kibanda cha video. Mjini Sumbawanga kulikuwa na chumba kimoja chenye jenereta, mabenchi na giza la kutosha, na tukipelekwa mjini kusaga mahindi tulikuwa tunachungulia kwenye tundu la ukuta kuona stelingi akiwapiga adui kumi bila kuchafua shati. Tulirudi kijijini tukipigana na migomba. Bahati nzuri fundi wa magari pale parokiani alikuwa amewahi kujifunza karate kweli huko Tunduma, na alipotuona tunavyorusha mateke alisikitika. "Hivyo mtavunja nyonga," alisema, akatuambia twende kila Jumamosi nyuma ya gereji. Mwezi mzima wa kwanza hatukupiga hata ngumi moja. Tulifuta spana na kusimama kwa magoti yaliyokunjwa mpaka mapaja yakawaka moto. Masanja alilia, ingawa mpaka leo angekataa.

Sare alitushonea mama, kwa mifuko ya unga wa ngano ile ya kitambaa cheupe. Aliipanga vizuri kadiri alivyoweza, lakini maandishi hayakutoka hata kwa kufuliwa na majivu, hivyo Leonsi alikuwa na kilo hamsini mgongoni na mimi nilikuwa na picha ya jogoo tumboni. Tulijiona wa maana sana. Siku hizi mwanangu wa kike akitaka kwenda mazoezini lazima kwanza viatu viendane na chupa ya maji.

Halafu kulikuwa na redio. Huo ulikuwa wazimu wa Leonsi, akatuambukiza. Baba yake alikuwa na redio kubwa ya mbao, na siku ilipokata sauti Leonsi aliifungua kwa kijiko. Ikapona, sijui vipi, ikabaki na skrubu nne za ziada ambazo hazikurudi popote. Kuanzia hapo kila redio iliyokufa kijijini ililetwa kwetu. Tulianika betri kuukuu juu ya bati zipate uhai wa siku mbili, tulichomea nyaya kwa msumari uliotiwa kwenye makaa, na harufu ya risasi ya kuchomelea iliyoyeyuka mpaka leo ikinipata mahali naisogelea kama mtu anayenusa chapati. Tulipogundua kwamba waya mrefu ukipandishwa juu unaleta stesheni za Zambia na za Kongo, basi mambo matatu yakawa jambo moja: karate kwa ajili ya miguu, kupanda kwa ajili ya waya, na waya kwa ajili ya dunia.

Kupanda tulianzia kwenye tanuru la udongo la wafua chuma wa zamani, lililokuwa limesimama porini, refu kuliko nyumba. Babu yake Leonsi alitukuta juu yake akatushusha kwa fimbo. Alisema pale mababu walipikia chuma, si mahali pa makalio ya watoto. Tukahamia kwenye majabali ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa, pale uwanda unapokatika ghafla na chini kabisa unaliona bonde la Rukwa likiwa limefunikwa na ukungu wa joto. Kamba yetu ilikuwa ya katani, ya kufungia ndama, mali ya baba yake Masanja. Mama alipojua tunakoenda hakutukataza. Alisema tu, "Ukianguka ukafa, usirudi hapa kunililia," akaendelea kushona.

Sasa mtaniuliza, na mwanangu huniuliza, muda tuliutoa wapi. Yeye kwa kweli aliuliza bando tulitoa wapi, nikamwambia tulikuwa tunalima. Muda ulikuwa hivi. Wazazi wetu walilima kwa zamu: mama fulani akipika pombe ya ulezi, majirani wote wanafika na majembe, shamba lake linaisha siku hiyo hiyo, na wiki inayofuata ni kwa mwingine. Sisi tuliiga, tukaweka togwa mahali pa pombe. Na tuliongeza sheria moja ambayo sikumbuki nani aliitunga: hakuna anayekwenda mwambani mpaka wote watatu wawe huru. Kama Leonsi amepewa kipande cha kuinua ntumba, yale matuta ya mviringo ya kwetu ya kufukia nyasi zioze, basi mimi na Masanja hatukai barabarani kumsubiri. Tunaingia shambani. Tukimaliza, tunakimbilia kwetu kufukuza ndege kwenye ulezi mpaka mama aseme inatosha. Kisha ng'ombe wa kina Masanja.

Hao ng'ombe ndio walitutesa. Siku moja Masanja alikuwa na homa, tukawachunga mimi na Leonsi. Ng'ombe wale walizoea mluzi wa Kisukuma, sisi tukawaamrisha kwa Kifipa. Walitutazama kwa upole kabisa, wakageuka, wakaingia kwenye ulezi wa katekista, yaani baba yake Leonsi mwenyewe. Tulipiga mateke yote tuliyofundishwa hewani, tukapiga kelele, Leonsi akajaribu hata kuimba wimbo wa kanisani. Hakuna aliyenyanyua kichwa. Ilibidi Masanja atolewe kitandani akiwa amejifunga blanketi, akapiga mluzi mmoja tu dhaifu, na kundi zima likatoka kwa mstari. Baba yake Leonsi alicheka mpaka akakaa chini, na ng'ombe walikuwa wamekula robo ya shamba lake! Jioni ile tulimpandia ulezi mwingine sote watatu, mgonjwa akituelekeza kutoka kivulini.

Kina Masanja walihama na ng'ombe wao tukiwa darasa la saba, wakaelekea kusini, na sijamwona tena. Mimi nilisoma, nikawa afisa mipango. Leonsi akawa fundi wa minara ya simu, kazi iliyomfaa kama vile aliumbiwa, maana alilipwa kwa kupanda na kuchezea nyaya. Kwa kuwa alikuwa hodari walimpandisha cheo, na kupandishwa cheo maana yake alishushwa mnarani akawekwa ofisini kusimamia mitambo ya kompyuta. Aliondoka na kitu kimoja cha kazi ya zamani, kamba nene ya nailoni ya kupandia, aliyoinunua kwa mshahara wake. Tulikutana tena Sumbawanga tukiwa na vitambi vidogo, tukakubaliana: Jumamosi moja kila mwezi, mwambani, kama zamani.

Nisiwadanganye, nilijitahidi. Nafanya mazoezi alfajiri sebuleni kati ya makochi, nimeshavunja stuli mbili na glasi za harusi. Chini ya meza ya chakula nina boksi la vipande vya redio ambavyo mume wangu anaviita takataka na mimi naviita mradi. Ofisini vijana wananiita Mama Karate, wakinisalimia wanarudi nyuma hatua moja, na mimi sikatai heshima. Lakini kazi nayo ina mikono mingi. Mara naandika taarifa, mara niko Matai, mara Mwimbi kukagua zahanati, mara kikao cha dharura ambacho dharura yake haijulikani mpaka soda zigawiwe. Jumamosi ya kwanza sikwenda. Ya pili alikuja mgeni kutoka makao makuu. Ya tatu nilikuwa Kirando, nikamletea Leonsi dagaa kama kifuta machozi.

Alinitumia ujumbe wa sauti. "Yasinta, dagaa nimekula, asante. Sasa sikiliza. Hii kamba inazeeka ndani ya mfuko. Jumamosi hii usipotokea nauza. Kuna jamaa anaitaka ya kufungia magunia kwenye fuso."

Magunia! Nilikasirika, kisha nikaogopa. Niliogopa kweli, mpaka nikasimama nikaanza kuzunguka chumba. Kwa sababu nilijua bila ile kamba mimi na Leonsi tutakuwa watu wa kusalimiana misibani, hujambo, sijambo, watoto wazima, basi. Nimeshapoteza wengi kwa namna hiyo. Yeye ndiye mtu wa mwisho anayenijua tangu nilipokuwa na jogoo tumboni.

Wiki ile nilifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Ijumaa nilikabidhi taarifa zote, nikamwomba mwenzangu anishikie kikao, na Jumamosi asubuhi nikaizima simu. Nikapanda pikipiki yangu mpaka ukingoni, nikavaa viatu vya kupandia, nikanyoosha viungo. Upepo ulikuwa ule ule wa kupeperusha vitenge. Mwamba ulikuwa umepata jua upande mmoja na upande mwingine ulikuwa bado na baridi ya usiku. Nilifurahi peke yangu mpaka nikaona aibu.

Jua likapanda, Leonsi hajafika. Mwisho nikaiwasha simu. Ujumbe wake ulikuwa pale tangu alfajiri: mitambo imegoma, ameitwa ofisini, nimsamehe.

Nikampigia. "Nije tusaidiane?"

Akacheka, lakini si kile kicheko chake. "Utanisaidiaje, dada yangu? Hizi si ntumba. Nywila ninayo mimi peke yangu, na nikikupa wewe nafukuzwa kazi. Hata getini hawatakuruhusu."

Nilienda hivyo hivyo. Getini kijana mlinzi alinipa shikamoo, akaniuliza nina miadi na nani, akanieleza kwa adabu kwamba Jumamosi wageni hawaingii. Nikamwomba nikae kwenye benchi lake. Dirisha la Leonsi lilikuwa juu, ghorofa ya pili, nikaona kichwa chake kikubwa kimeinama, mara kinanyanyuka, mara kinainama. Sikuwa na la kufanya. Mimi, niliyewahi kumwinulia matuta nusu ekari ili tuwahi jua, nilikaa pale mikono mapajani kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Mguu mmoja haukuacha kucheza. Mlinzi akaniletea chai.

Alitoka jua likiwa limelala, macho mekundu, begi begani. Alishtuka kuniona. "Umekaa hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu uliponiambia nisije."

Alikaa kando yangu. Kisha akafungua begi akatoa kamba. Alikuwa ameibeba asubuhi akiamini atamaliza mapema. Akaniwekea mapajani. "Kaa nayo wewe. Kwangu nitaiuza kweli, siku nimechoka. Ukipata nafasi nipigie."

"Na wewe ukipata?"

"Nitakupigia."

Kwa hiyo haikuuzwa, na urafiki wetu haukufa, namshukuru Mungu. Imening'inia nyuma ya mlango wa chumba changu, na mwanangu ameshakatazwa kuanikia nguo. Yeye na wenzake wana mchezo kwenye simu wa kupanda milima, wanakutana humo kila jioni, mmoja yuko Mbeya na mwingine Dodoma, na hawakosi hata siku moja. Nilikuwa nikiwacheka. Nimepunguza.

Tangu siku ile Leonsi amenipigia mara mbili, nikawa safarini. Mimi nimempigia mara tatu, akawa kazini. Tunaongea vizuri, tunacheka, tunasema ijayo. Wazazi wetu hawakuwa na saa mkononi, na hawakukosa zamu hata msimu mmoja. Kamba ipo, mwamba upo, sisi wawili tupo mji mmoja, na Jumamosi zinafika kila wiki, zinasimama mlangoni kidogo, zinapita.