Barua Zilizorudi kwa Mwalimu

Diploma yangu ya kompyuta nimeitundika juu ya mashine ya fotokopi, mahali ambapo mteja hawezi kukwepa kuiona. Niliipata ughaibuni, nikiosha wazee wa watu mchana na kusoma jioni. Hakuna mjomba aliyenisukuma wala kanisa lililonichangia. Nilirudi Nyeri, nikafungua ofisi hapa Ruring'u, na hadi leo sijakutana na mtu katika mji huu wa kunifundisha chochote kuhusu barua pepe.

Ndiyo maana Mwalimu aliambiwa aje kwangu. Alinifundisha darasa la saba huko Mukurweini. Kila mwisho wa muhula alisoma matokeo mbele ya shule nzima akianzia mkiani, na kila muhula jina langu ndilo lililofungua orodha. Akishalisoma alinyamaza kidogo, watu wapate nafasi ya kucheka.

Sasa amestaafu, ni mzee wa kanisa, anavaa koti la sufu hata jua likiwaka. Alinisogezea simu kama mtu anayemwonyesha daktari jipu.

"Kijana, niko na shida. Barua zinarudi. Zaidi ya mia moja tangu juzi, na mimi hao watu sijawaandikia."

Nilifungua barua zake kwenye kompyuta yangu. Kila taarifa ilisema kwamba ujumbe wake haukufika kwa sababu anayetumiwa hayupo. Chini ya taarifa ulikuwapo ujumbe wenyewe, tangazo la dawa ya nguvu za kiume.

Kulikuwa na wateja watano wakingoja. Nikasoma kwa sauti.

"'Mfurahishe mke wako hadi asubuhi.' Hii ilienda Brazili. 'Rudisha ujana wako kwa wiki moja.' Hii Polandi."

Nikanyamaza kidogo. Wakacheka.

"Ati Mwalimu!" akasema mama mmoja muuza mboga. "Sisi mnatuletea mahubiri tu, dawa mnawapelekea wazungu!"

"Si mimi," alisema Mwalimu, akishika kingo za meza. "Mama watoto ameziona. Je, wazee wa kanisa wakiziona?"

Nilijua si yeye tangu taarifa ya kwanza. Niliangalia barua zilizotumwa, sikuona hata moja ya dawa. Lakini nilingoja kicheko kiishe chenyewe ndipo nikamweleza.

"Kuna mtu ameandika barua zake, akaweka anwani yako nyuma ya bahasha. Anazituma ovyo. Zikikosa mwenyewe, posta inazirudisha kwa nani? Kwako. Hajaingia kwako, ametumia jina lako tu."

Nilimbadilishia neno la siri kwa usalama. Hapo ningemwambia asubiri, maana mafuriko ya aina hiyo huisha yenyewe baada ya siku chache. Lakini watu walikuwa wakitazama. Nikaweka amri kwamba taarifa yoyote ya barua iliyorudi iende moja kwa moja kwenye kapu la taka, asiione kabisa.

"Na kama ni barua yangu ya kweli imerudi?" akauliza.

Lilikuwa swali zuri.

"Kwani Mwalimu, wewe unamwandikia nani?"

Wakacheka tena. Yeye pia alicheka, akachelewa kunyamaza.

Alirudi baada ya wiki tatu na mkungu wa ndizi na binti yake wa mwisho. Binti alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, na vyeti vyake vilitakiwa kufika kabla ya mwezi kuisha. Sasa mwezi ulikuwa umekwisha.

"Nimewapigia simu," alisema Mwalimu. "Ati hawakupata kitu, nafasi wamepatia mwingine. Na mimi nilituma."

"Alituma," akasema binti. "Nilikuwa nimekaa hapo kando yake. Vyeti vyote, tulivipiga picha na simu."

Nilifungua kapu la taka. Katikati ya dawa za wanaume kulikuwa na taarifa moja yenye jina la binti. Ilisema picha ni nzito mno, zipunguzwe na kutumwa upya. Ilifika jioni ya siku ileile Mwalimu alipotoka kwangu mara ya kwanza, zikiwa zimebaki siku tisa. Ilieleza wazi kabisa, hata mimi wa darasa la saba ningeielewa.

Binti alinyoosha shingo. Nikageuza skrini.

"Kuna nini?" akauliza.

"Takataka tu."

Nikabonyeza, kapu likawa tupu.

"Basi ni chuo kimepoteza," Mwalimu akamwambia. "Huyu akisema hakuna, hakuna. Huyu amesoma."

Binti alitazama diploma yangu ukutani, kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Waliniachia ndizi. Zilipoiva zilikuwa tamu, nikazimaliza.

Siku hizi mteja mwenye shida kama hiyo namwambia asifute taarifa kabla ya kusoma sehemu ya chini na kuona kama barua iliyorudi ni yake. Ushauri huo watu wanausifu sana.

Nimesikia mwakani binti atajaribu tena, na baba yake ndiye atakayetuma. Amri yangu bado imo katika barua zake. Kuiondoa ni kazi ya dakika moja, lakini Mwalimu angeuliza kwa nini, na maswali yake nayajua.