Kipande cha Cucu

Harufu ya kitambaa kilicholoweshwa maji na kufutia chaki hunirudisha Gachoka, darasa la sita, mwaka alioletwa Mwalimu Ireri. Alivaa tai hata jua la Mbeere lilipokuwa likipasua maganda ya ndengu shambani, na alitutazama kama mtu anayetazama matope yaliyoganda kwenye viatu vyake. Ukutani alibandika orodha ya visawe, na juu kabisa, kwa herufi nyekundu, aliandika: eneo, mahali, sehemu, kipande, janibu. "Haya ni mamoja," alisema. "Ukijua moja umejua yote." Tuliiimba orodha hiyo kila asubuhi. Hakutuambia hata siku moja kwamba sehemu hukatwa kutoka kwa kitu kizima, wala kwamba mtu anaweza kutoa kipande akabaki na eneo lake. Naamini hakujua. Debe tupu haliachi kuvuma, na letu lilivaa tai.

Aliyesema "mahali mzuri" badala ya "mahali pazuri" alipandishwa juu ya dawati ili tumcheke. Mimi nilicheka kuliko wote, maana nilikuwa mwanafunzi wake bora. Nikifika nyumbani nilimsahihisha hata nyanya yangu aliyenilea, Cucu Ciarunji, ambaye Kiswahili chake alikiokota sokoni akiuza ndengu na muguka, yale majani ya kutafuna yanayolisha nusu ya Mbeere. Alinijibu kwa Kimbeere kwamba hakuna mnunuzi aliyewahi kumrudishia ndengu kwa sababu ya sarufi.

Muhula wa pili ulikuja mradi wa kuchimba lambo la maji, na Cucu akakubali kutoa ardhi ya chini, kwenye korongo, ambako hata mbuzi hawakupata cha kutafuna. Mkutano ulifanyika darasani mwetu, wazee wamejikunja kwenye madawati ya watoto, na Mwalimu Ireri ndiye aliyekuwa katibu. Cucu alisimama akasema, "Hii pahali yote ni yangu. Mimi napeana hiyo kipande ya chini peke yake." Mwalimu akatabasamu. "Mama, hatusemi 'hii pahali ni yangu'. Tunasema 'mahali hapa ni pangu'. Hebu rudia." Cucu alirudia, akakosea, akarudia tena, na watu wazima wale, ambao nusu yao hawakujua walichokuwa wakikicheka, wakacheka. Mwalimu akaandika, kisha akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Bi Ciarunji ametoa eneo lake kwa ajili ya lambo." Ilikuwa sentensi safi, haina kosa hata moja la upatanisho wa kisarufi. Nilinyoosha mkono nikasema kwamba Cucu alitaja kipande cha chini tu. "Kipande, sehemu, eneo," alinijibu bila kuinua kichwa. "Tulisema nini kuhusu maneno hayo?" Nikajibu, "Ni mamoja, Mwalimu." Cucu akatia kidole gumba.

Wiki tatu baadaye nilirudi nyumbani kula chakula cha mchana nikakuta buldoza limeingilia upande wa juu. Nusu ya miti ya muguka, aliyoipanda Cucu kabla sijazaliwa, ilikuwa imelala na mizizi juu. Yeye alikuwa amesimama mbele ya mtambo, panga mkononi likielekea chini. Dereva, Mmeru mmoja wa Nkubu, aliteremka na karatasi. "Nyanya, imeandikwa eneo lako. Si mimi nimeamua," alimwambia kwa upole. Cucu akanigeukia akaniuliza kwa Kimbeere, eneo ni wapi? Nilimgeukia dereva nikamwambia kwamba Cucu alitoa kipande cha chini tu, na kwamba mwalimu aliandika vibaya. Yule bwana, ambaye sidhani aliwahi kukariri kisawe chochote, alizima mtambo akasema, "Basi nionyesheni." Cucu alitangulia akichomeka vijiti, naye akachimba bila kuvuka vilipoishia.

Kesho yake, habari zilipomfikia Mwalimu, ikawa zamu yangu kupandishwa juu ya dawati. Alinitaka niombe radhi kwa kumwita mwongo. "Sikukuita mwongo, Mwalimu," nilimwambia. "Nasema hujui maana ya eneo." Nilifyeka nyasi za shule kwa wiki mbili, na hakuna aliyecheka.

Leo mimi ni mkalimani mjini Embu. Cucu alishafariki, na ile karatasi ingali kwenye faili. Mjomba wangu hupanda ngazi za ofisi ya ardhi kuipinga hadi sasa. Vijana wa mjini husema "hii area" kwa kila kitu, na watu wa tai huwadharau, lakini ukimwuliza kijana area yake inaishia wapi, atakuonyesha kwa kidole. Mwalimu Ireri amestaafu, na watu bado humwendea awaandikie barua, kwa kuwa Kiswahili chake, wanasema, hakina doa. Mwezi uliopita jirani yetu alinionyesha moja kabla ya kuitia sahihi. Niliisoma mara mbili, kisha nikamwuliza kama anatoa shamba lote au ukingo wa barabara. "Hiyo ya kando ya barabara pekee," alisema. Nikaichana mbele yake, nikachukua karatasi mpya, nikamwomba anieleze upya kwa Kiswahili chake mwenyewe.