Nyama Ambayo Mapendo Alikataa

Mapendo, mbwa yangu, alikuwa ananilamba mudomo pole pole, analia kama mutu, majirani wote wa mutaa wetu wa Saio wakitazama. Niliponaka vita ya waasi Basimba, lakini kitu kama kile sikuonaka.

Mapendo alikuwa ananyonyesha, mbavu zote inje, na mutoto wake mumoja alikuwa amepotea. Veterineri aliniambia: "Wacha kumupa makombo ya bugali. Mupe nyama safi, watoto wake wapone." Basi nikaenda ku soko kwa muuza nyama, citoyen Fataki.

"Papa, hii ni mbuzi ya mafuta, ya kule Kpandroma," aliapa. "Hata weye utakula!" Akaifunga mu majani ya ndizi na kamba chafu ya damu.

Niliipika bila chumvi. Mapendo alinusa, akarudi nyuma, manyoya ikasimama. Jirani yangu Mama Zawadi akacheka: "Mbwa anakataa nyama? Papa, kuko kitu anajua."

Haya ikanishika. "Tazameni namna mutu anakulaka mbuzi!" Miye mujinga, nikamaliza sahani yote mbele ya majirani. Ndipo Mapendo akakuja kunilamba mudomo, vile analambaka watoto wake.

Mama Zawadi akaokota ile kamba, akaisukula mu maji. Damu ikatoka, tukaona kitambaa ya manjano. Muke yangu ndiye aliifunga ku shingo ya mutoto wa Mapendo, yule alipoteaka.

Fataki, ungali ku soko, unanoa kisu. Nijibu mbele ya watu: mbuzi yako ya Kpandroma ilivalia wapi kitambaa ya nyumba yangu?