Bibi Shamba Aliyeanika Singa

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa sketi ya chuo na blauzi nyeupe, nikaenda kuanika singa. Singa ni nyuzi za mkonge zikishatoka kwenye korona, mashine inayoponda majani. Hutoka mbichi, zikichuruzika maji yanayowasha kama upupu. Jua halijapanda sana, blauzi ilikuwa madoa matupu na mikono imenivimba. Wanawake wenzangu walicheka, wakanifunga kanga kuukuu kiunoni, wakaniuliza nani kanidanganya kwamba huku ni ofisini.

Nilikuwa nimehitimu chuo cha kilimo. Niliota kuwa bibi shamba, nipite Kerenge na vijiji vya jirani nikiwafundisha wakulima. Lakini mwaka tuliomaliza sisi, uchumi ulikuwa taabani na ajira serikalini zimesimamishwa. Waliotutangulia walipangiwa vituo moja kwa moja. Sisi tukaambiwa tusubiri. Nilisubiri nyumbani Mpale, huko milimani, mpaka nikaogopa kutoka nje, maana kila ninayekutana naye swali lake lilikuwa moja: "Bado tu hujapata?" Jamani, swali lile linauma. Ndipo nikashuka Mazinde, kwenye shamba la mkonge.

Kazi ilipimwa kwa kipande, yaani sehemu uliyopangiwa kwa siku. Hujamaliza, siku yako haihesabiwi. Serikali ilipofungua nafasi chache, nami nikaitwa usaili Tanga kwa mara ya kwanza, nyapara mkuu, mzee wa Kizigua mwenye maneno makali, aliniita.

"Nasikia umeitwa. Unakwenda?"

"Nitakosa kipande, mzee."

"Kipande kitakamilika. Waulize wenzako."

Wenzangu walikuwa na utaratibu wao: mtu akifiwa au akiuguliwa, wengine humaliza kamba zao za kuanikia kisha wakamwanikia na yeye. Usaili wangu wakauweka humohumo, pamoja na misiba. Nikaenda, nikakosa. Nikaitwa tena, nikakosa tena. Safari iliyofuata nikasema siendi, nimechoka kuaibika. Mama Tatu, aliyezaliwa humohumo katika kambi ya wafanyakazi, akabwaga fungu lake la singa chini.

"Wewe, tumekuanikia mpaka tumeungua jua, leo ndiyo unachoka? Na sisi tusemeje?"

Nikaenda. Nikakosa.

Kazi ya bibi shamba sikuipata maisha yangu yote, na siwadanganyi kwamba haikuniuma. Kutoka kuanika nilipelekwa brashi, chumba cha kusafishia singa kavu, ambako vumbi lilinikaa kifuani. Baadaye alikuja meneja mpya aliyetaka kupanda mkonge upya, na nyapara mkuu akamwambia yupo binti aliyesomea mimea anakohoa bure kule brashi. Nikapewa kitalu, mahali pa kulelea miche. Huko ndiko nilikozeekea, nikastaafu.

Sasa mwanangu wa mwisho, Mwanaisha, ana shahada na hana kazi. Wastaafu wenzangu husema vijana wa leo wanachagua kazi. Waongo. Mwanaisha anakaanga chipsi Mombo, na kila tangazo anaomba. Wiki iliyopita aliitwa usaili Dodoma, mara ya ngapi hata sikumbuki. Asubuhi nilimkuta amekaa kitandani, viatu mkononi.

"Mama, na nikikosa?"

"Utarudi nyumbani, tutakula."

"Basi?"

"Basi. Zaidi ya hapo sijui, mwanangu."

Akavaa viatu. Nilimsindikiza hadi kituoni, nikampungia mkono huku nikitabasamu mpaka basi likakata kona. Halafu nikajikuta nimekaa kwenye benchi la abiria, tabasamu limeniisha, nikimwombea dua. Marehemu mama yangu alikuwa akishuka kutoka Mpale kila nilipoitwa usaili, ananisindikiza anacheka, ananitania nisije nikaolewa hukohuko Tanga. Miaka yote hii nimeamini kwamba yeye hakuwa na hofu.