Mlango wa Dispensari Ulioangalia Ziwa

Kuna siku moja sitaki kuikumbuka, mwanangu, na labda ndiyo sababu ninaikumbuka kuliko hata siku niliyooa. Ilikuwa alasiri, kule juu karibu na Roret, siku ya kufungua dispensari mpya. Akina mama wenye watoto wachanga walikuwa wamejipanga kwenye veranda. Mvua ya mawe ikaja kutoka upande wa ziwa, ikaingia veranda yote mpaka mlangoni, mpaka juu ya meza ya daktari. Mistari ya ramani ya nyumba ile ilipita kwa mkono wangu. Mficha uchi hazai, basi leo wacha nifunue.

Lakini ngoja kwanza nikueleze nilivyofika kushika kalamu, kwa maana shule niliachia darasa la nne. Ng'ombe wa baba walikuwa wengi kuliko watoto wake, na mimi ndiye nilikuwa mkimbiaji. Nilipokuwa kijana nilipata kazi ya kufagia katika ofisi ya ujenzi ya serikali. Mchoraji mmoja mzee akanikuta nikichora picha ya kalenda kwa penseli, akasema huyu mkono wake hautetemeki. Akanifundisha kulaza ile karatasi nyepesi juu ya ramani na kufuata mistari. Ramani zilitoka Nairobi, za darasa, za ofisi ya chifu, za dispensari, sisi tukanakili. Baada ya miaka michache watu sokoni wakaniita injinia. Sikuwasahihisha. Hiyo ni aibu ndogo, wacha ipite.

Siku zile kila mtu ofisini alikuwa na kazi ya nje, ya kulipwa kando na mshahara. Hata nyinyi mnayo, usinidanganye. Mjukuu wangu mwenyewe mchana anakagua ramani za watu kule kaunti, na mjini ana chumba ghorofani chenye jina lake mlangoni. Sisemi ni dhambi. Mtu ana watoto. Lakini wazee walisema mshika mbili moja humponyoka, na mimi nakuambia kitu ambacho hawakuongeza: ile inayoponyoka mara nyingi ni ile isiyo na mwenyewe wa kupiga kelele.

Basi kulikuwa na mzee Kamau, mfanyabiashara aliyetoka upande wa Nyeri akahamia Litein. Alitaka duka lenye vyumba vya kulala nyuma. Akaniita mimi. Kwa Kamau nilienda mara tatu, tena na landrova ya serikali, Mungu anisamehe, nikimwambia dereva tunapita tu kukagua barabara. Nilitembea kiwanja chote. Nilifinya udongo. Niliuliza majirani mvua ya mawe hutokea wapi, wakanionyesha ziwani. Nikageuza mlango uangalie jua linakotoka, kama nyumba za babu zetu, na upande wa ziwa nikaweka ukuta mtupu. Kisha ramani ile niliipeleka mwenyewe meza ya pili, ofisini kwetu, ipigwe mhuri wa kibali, nikaichukua mwenyewe ikiwa na mhuri. Kesi ya ngedere, hakimu nyani.

Ni wiki hizo hizo nilipewa ramani ya dispensari. Ilichorwa na mtu ambaye hakujua kama Roret ni kilima au ni samaki. Hilo si kosa lake. Ilikuwa kazi yangu mimi kunakili, halafu niende nione kiwanja, niandike nyumba itaangalia wapi. Kunakili nilinakili. Kiwanja sikukiona. Niliona kwa karatasi barabara iko upande huu, nikaandika mlango uangalie barabara. Barabara yenyewe, mwanangu, ilikuwa upande wa ziwa.

Msimamizi wa ujenzi kule alikuwa fundi Okello, mtu wa kutoka ziwani, mpole, wa maneno machache. Akamtuma dereva na barua kwangu. Ninaikumbuka yote, haikuwa ndefu: "Ndugu, njoo uone kabla hatujachimba msingi. Upepo wa hapa ni mbaya. Kuigeuza nyumba leo ni kazi ya kamba na vigingi tu." Barua ilinifikia Alhamisi, na Alhamisi ile Kamau alikuwa ananingoja nimwonyeshe jiko litakaa wapi. Nikamwambia dereva, "Mwambie afuate ramani." Barua nikaitia kwenye droo.

Sasa rudi na mimi kwenye veranda ile. Watoto wanalia, mawe yanaruka kama mahindi kwenye sufuria. Mkubwa wa ofisi yetu, suti imelowa, akapaza sauti mbele ya watu wote.

"Okello! Ni wewe ulichimba msingi. Wewe huna macho?"

"Nilifuata ramani, bwana."

"Ramani, ramani! Ramani ndiyo inanyeshewa hapa?"

Okello akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayekupisha mlangoni, anangoja upite wewe kwanza. Na mimi nikajishughulisha kukunja mwavuli ambao hata haukuwa wangu.

Aliyesogea mbele ni Kogo Taplelei. Kogo kwetu ni nyanya. Alikuwa amemfunika kitukuu chake kwa blanketi, mwenyewe amelowa mpaka kitambaa cha kichwa.

"Weri," akaniita, yaani kijana. "Si ni wewe nilikuona Litein kwa Kamau, unazunguka na kidole juu kama mtu anatafuta nyuki?"

Watu wakacheka.

"Ni mimi, Kogo."

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Upepo."

"Ukaupata?"

"Niliupata, Kogo."

"Na wa huku kwetu, ulikuwa umekatazwa kuutafuta?"

"Kogo, ramani hii ilitoka Nairobi."

"Ehe. Na ile ya Kamau ilitoka wapi?"

Hapo hakuna aliyecheka. Akamvuta mtoto karibu na kifua, akasema polepole, "Kamau akikukosa wewe atatafuta mwingine. Sisi tukikukosa, hatuna mwingine."

Ungedhani baada ya maneno hayo ningesema ukweli. Sikusema. Jumatatu nilifika ofisini mapema, nikatoa ile barua, nikairarua vipande, nikavitia kwenye jiko la kuchemshia chai. Okello alivuliwa usimamizi, akapelekwa Londiani kuwa mwashi wa kawaida chini ya vijana aliowafundisha kushika mwiko. Dispensari wakaizungushia mabati mbele ili yazuie mvua, ndani kukawa giza, na mpaka leo muuguzi anawasha taa saa sita mchana.

Ilipita miaka kabla sijakutana na Okello. Nilikuwa nimeenda Londiani kununua mbegu ya viazi, nikamwona amekaa nje ya duka, nywele nyeupe. Nikamsalimu, na kabla sijakaa nikamwambia, "Okello, ile barua niliichoma."

"Najua," akasema. "Ningekuwa na akili kama yako ningeichoma pia." Akacheka kidogo. "Lakini mimi huandika mara mbili. Nakala nilikuwa nayo mfukoni siku ile."

"Mfukoni? Mbona hukuitoa?"

"Ningeitoa, ungefukuzwa, na nyumba ingebaki imeangalia pale pale." Akanisogezea nafasi nikae. "Tena nilitaka kuona kama utasema mwenyewe. Nilikungoja pale Roret mpaka gari lenu la ofisi likaondoka."

Majuto ni mjukuu, mwanangu. Mimi wangu alinikalia magotini pale Londiani, na bado yuko.

Basi wewe uliyesoma, unayechora kwa kompyuta kile nilichochora nimepiga magoti mpaka yakafa ganzi, sikia. Kazi ya nje ukiwa nayo, iseme mchana mbele ya wakubwa wako, na ramani yako usiipigie mhuri wewe wala rafiki yako wa meza ya pili. Kiwanja cha umma kitembelee kwa miguu yako, tena kabla ya kile cha mtu binafsi, kwa sababu tajiri atakupigia simu mpaka uende, na mama mwenye mtoto mgongoni hata jina lako halijui. Jicho unalompa anayekulipa kando, mpe na yule uliyeajiriwa kwa ajili yake. Na siku utakapokosea, maana utakosea, sema kabla gari halijaondoka, wakati yule anayebeba kosa lako bado amesimama mbele yako. Ukisema baada ya miaka, unapunguza mzigo wako mwenyewe. Wake unabaki mgongoni pake.

Mungu akujalie kifua cha kusema "ni mimi" watu wote wakisikia. Akupe maziwa nyumbani na uzee wenye usingizi mwema, na jina ambalo watoto wako watalitaja mbele ya watu bila kuinamisha kichwa.