Firigisi ya Mgeni

Mahubiri ya Msamaria mwema tumelishwa sisi wauguzi mpaka tumevimbiwa. Kila mhubiri aliyefika kwenye kituo chetu cha afya, karibu na Shianda, alitusihi tuwe kama yeye. Lakini Msamaria alikuwa na nafuu: alifunga majeraha, akaenda zake. Aliyebaki na mgonjwa ni mwenye nyumba ya wageni, na huyo hakuna anayemhubiri. Wala hatuambiwi kama mgonjwa alipona.

Miaka ile sukari ilikuwa imenoga, na matrekta ya miwa yalipita mbele yetu mchana kutwa. Miwa iliyokatwa hunyauka juani ikapungua uzito, kwa hiyo dereva hakusimama njiani hata akiitwa na mama yake mzazi. Siku moja mmoja akasimama. Juu ya tela, kati ya miwa, alikuwa amemlaza mkataji aliyekanyagwa na trekta jingine.

"Sista, huyu simjui," aliniambia. "Nimemkuta kando ya barabara, wenzangu wanapita tu. Niangalilie. Nikishusha miwa nitarudi na chakula. Mgonjwa hapendangi chakula ya hospitali."

Mkataji alikuwa mtu wa mbali, hana ndugu huku. Tulituma watu watafute gari la kumpeleka hospitali kubwa, nami nikamshika mkono. Hakuuliza kama atapona. Aliuliza, "Yule wa trekta atarudi?" Nikasema atarudi. Akauliza tena na tena. Alasiri akanyamaza, na mkono wake ukapoa ndani ya wangu. Nililia mbele ya wagonjwa wote, na wala sioni haya.

Jioni dereva akaja, ameoga, amebeba kikapu cha obusuma, ugali wetu, na ingokho, yaani kuku, alivyopikiwa na mkewe. Firigisi ilikuwa imefungwa peke yake kwenye jani la mgomba. Kwetu firigisi ni ya mgeni wa heshima. Mwanamke haigusi, nyanya yangu aliwahi kunichapa kwa kuinusa tu.

Nilimwambia. Akaketi kwenye benchi, kikapu magotini.

"Aliniulizia?"

"Alikuulizia mpaka mwisho."

Akafungua lile jani na kunisogezea. "Kula, sista. Wewe ndiye ulikaa na yeye."

Nikaila mbele yake, huku nikilia. Ilikuwa bado na joto.